Paa linavuja, na mwenye nyumba ndiye aliyenilea uzazi: nitamdaije?

BARUA

Shikamoo anti. Naomba usiweke jina langu maana huku mtaani kwetu watu wanasoma sana hizi safu na nyumba yenyewe ikielezwa kidogo tu wataijua.

Mimi nina miaka 31, mama wa mtoto mmoja wa miaka minne, tunaishi Tabata huku kwa ndani. Mume wangu anauza duka la vifaa vya simu Kariakoo (la tajiri wake, sio lake) na mimi ni fundi cherehani, nashonea hapahapa sebuleni. Kodi ni laki mbili na nusu kwa mwezi, vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani, tunalipa miezi sita sita kwa hiyo kila tukilipa ni milioni moja na nusu kwa mkupuo. Huu ni mwaka wa sita tupo hapa. Nyumba ni moja ndefu, paa moja, imegawanywa sehemu tatu, mbele anakaa mwenye nyumba mwenyewe ambaye ni bibi mjane, katikati sisi, mwisho kuna wapangaji wengine.

Shida ilianza zile mvua za El Niño mwishoni mwa 2023. Nikaona doa kwenye dari rangi ya chai, dogo tu kama kisosi. Nikamwambia bibi, akasema hao panya wanakojoa. Masika yalivyokuja doa likawa kama sinia ya pilau, halafu likawa na pete pete, kila mvua inaongeza pete yake. Sasa hivi ndo usiseme. Juzi mume wangu alijaribu kuligusa na mpini wa ufagio, mpini ukazama wote kama umechoma ugali wa moto, kipande cha jipsamu kikadondoka kwenye meza yangu ya kukatia, kizito kimelowa. Mvua ikinyesha tunatega beseni mbili na ndoo, na maji mengine yanafuata waya yanakuja kudondokea kwenye holda ya balbu, kwa hiyo wingu likifunga tu tunachomoa balbu tunakaa na tochi ya simu.

Mwezi uliopita nilikuwa na kazi ya sare za sendofu, satini mita kumi na nane, nikaiweka juu ya kabati. Usiku mvua ikapiga sisi tumelala, asubuhi nafungua nakuta mistari ya kahawia imepita kwenye kitambaa chote. Nimelipa laki moja na elfu themanini ya mtu, na mteja hatarudi tena. Mtoto naye anakohoa usiku, tumeenda zahanati mara tatu, mara ya mwisho daktari akauliza mnaishi kwenye nyumba yenye unyevu? Nikakumbuka viatu vyake vya chekechea vilivyoota ukungu wa kijani chini ya kitanda.

Sasa anti, utasema si udai haki yako. Huyu bibi mwenzangu sio mwenye nyumba wa kawaida. Nilivyojifungua nilipasuliwa, mama yangu alishafariki, mama mkwe yuko Kigoma anaumwa, hakuna mtu. Huyu bibi ndo alikuwa anavuka uwani asubuhi na mtori, anamuogesha mtoto, ananikanda, arobaini nzima. Na mwaka huohuo mume wangu kazi ilisimama, tukakaa miezi minne hatujalipa hata senti, hakuwahi kugonga mlango, alikuwa anatusalimia vilevile. Mtoto wangu anamuita bibi wa mbele. Nikimdai nitaonekana sina shukrani.

Tumeshamwambia zaidi ya mara nne. Anasema hela sina mwanangu, kodi yenu ikiingia naita fundi. Kodi iliyopita tukalipa, akaja kijana mmoja na tyubu ya silikoni akapaka paka juu, mvua moja tu ikaisha, hela nyingine nikasikia amelipia ada ya mjukuu. Mwisho wa mwezi huu kodi imefika tena. Mume wangu anasema hatoi shilingi mpaka paa litengenezwe, au tutengeneze wenyewe tukate kwenye kodi, ameshaita fundi wake amesema laki sita na elfu ishirini, bati kumi, mbao za kenchi zilizooza na ufundi. Jumapili akaja mtoto wa bibi, yule anayekaa Mbezi, akasimama uwani mbele ya watu akasema kama nyumba imewashinda hameni, wapangaji wapo wengi. Bibi alikuwa amekaa pale kwenye mkeka anachambua mchele, hakuinua hata macho.

Kuna kitu kingine ndo kinachoninyima usingizi zaidi. Januari ile sehemu ya mwisho ilikuwa wazi, dalali akaleta mtu na mke wake wana mtoto mchanga. Bibi akaniita pembeni akaniambia mwanangu wakikuuliza sema nyumba haina shida, nikipata hela yao natengeneza paa lote. Na kweli yule dada akaniuliza, nakumbuka kabisa alivyoniuliza, dada hapa mvua haiingii? Nikamwambia hamna, pazuri tu. Sasa chumbani kwao kunavuja. Juzi ameanika kigodoro cha mtoto kwenye kamba akaniuliza na kwenu kunavuja? Nikasema ndo kumeanza. Yaani mara ya pili namdanganya mtu yuleyule.

Jana nimeenda kumsalimia bibi nikakuta na kwake kuna beseni limewekwa juu ya kochi, nikajifanya sijaliona.

Anti naomba unisaidie. Kutengeneza ni kazi ya nani, yeye au sisi? Mume wangu akizuia kodi ana haki? Tuhame? Na nitaanzaje kumdai mtu aliyemuogesha mwanangu nisionekane sina shukrani?

Mpangaji, Tabata

JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Kabla ya bibi, kabla ya kodi, tuongelee hiyo taa, maana hiyo haisubiri ushauri wa mtu. Kuchomoa balbu hakuzimi umeme, holda bado ina umeme na waya uliolowa juu ya dari bado una umeme, na wewe uko chini yake unahamisha beseni kwa mikono imelowa. Nenda kwenye meni swichi, tafuta breka ya taa za upande huo, izime na iache imezimwa, hata jua likiwaka, mpaka fundi umeme apande aangalie waya. Taa ya kuchaji itawasogeza kwa sasa. Cherehani kama ni ya mota isogeze ukuta wa mbali na uvujaji. Na kitanda cha mtoto kitoe chini ya dari lililolowa leo leo, jipsamu ikishiba maji inakuwa nzito na haitoi taarifa siku ya kushuka. Nakuomba hili ulifanye kabla hujamaliza kusoma.

Haya. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona paa bovu na mwenye nyumba asiyetengeneza, mambo ambayo mji huu kila masika yanarudi. Mara ya pili nikaona uko katikati ya watu wanne, mume anayetaka kuzuia kodi, bibi unayemuona kama mama, mtoto wake anayewafukuza, na yule dada wa mwisho ambaye hukumwambia kweli, na wote hao umewabeba wewe, unamwaga ndoo usiku huku unawaza utamjibu nini kila mmoja. Mara ya tatu ndo nikaliona lile beseni juu ya kochi. Nitalirudia.

Umeandika mara mbili kwamba ukidai utaonekana huna shukrani. Nikatafuta kwenye barua nzima mahali ambapo bibi amesema hivyo, sijapaona. Mtoto wake ndo amesema hameni, bibi amesema hela sina. Hayo ni maneno mengine kabisa. Inawezekana wasiwasi huo umeutengeneza mwenyewe kwa sababu unampenda, na hilo silidharau hata kidogo, mtori wa arobaini nzima haulipiki na usijaribu kuulipa. Ila nikuulize, ni lazima uulipe kwa kuvujiwa? Mmekaa miaka mitano na zaidi, kwa kodi ya sasa hiyo ni kama milioni kumi na tano imetoka mkononi kwenu ikaingia mkononi kwake, hata kama mwanzoni ilikuwa pungufu kidogo. Hiyo hela hamkumpa kwa sababu alikuogeshea mtoto, mlimpa ili mkae pakavu. Na uji na mtori hakukupa kwa sababu ya kodi, si mlikuwa hamlipi wakati huo. Yeye mwenyewe alivitenganisha vitu hivi viwili zamani, kabla yako.

Umeuliza kutengeneza ni kazi ya nani. Zamani tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984, ikafutwa 2005, ndo maana watu wengi wanadhani mpangaji hana sheria kabisa inayomtaja. Ipo. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 88, inasema mtu akipangisha sehemu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni juu ya mwenye jengo kuviweka katika hali nzuri, na nyumba ya kuishi iwe inafaa binadamu kuishi siku mnaingia na siku zote mtakazokaa. Kwenu paa moja linafunika familia tatu, kwa hiyo hapo hakuna utata wa paa ni la nani. Na nyinyi pia mna upande wenu, kifungu kinachofuata kinawataka mlipe kodi, mtunze nyumba ndani na mumruhusu mwenye nyumba aingie kukagua. Kumpa taarifa mapema jambo likiharibika ni busara ya siku zote, na wewe umetoa taarifa tangu doa likiwa kisosi. Shida ni kwamba umetoa kwa mdomo. Mtu akikuuliza kesho lini ulimwambia, una nini mkononi?

Kwa hiyo leo chukua penseli, panda kwenye stuli (sio chini ya ile sehemu iliyolegea), zungushia ukingo wa doa mstari na uandike tarehe. Mvua ikipita zungushia tena. Piga picha kila mara, piga na video maji yakidondoka. Hii ina kazi mbili, ni ushahidi, na inakwambia maji yanatoka wapi. Doa likikua hata wiki ambayo haijanyesha basi sio bati peke yake, kuna bomba au tenki. Kama kwa jinsi ulivyoeleza linakua na mvua tu, ni bati, kofia ya paa (bati la kilemba cha juu) au misumari, ile mipira chini ya misumari inakaushwa na jua la Dar inapasuka na maji yanapita hapohapo. Ndo maana silikoni ya yule kijana haikufika popote.

Nina wasiwasi pia na hesabu ya fundi wa mume wako. Sio kwamba ni mwizi, hapana. Ila aliangalia upande wenu tu? Maji ya paa yana tabia ya kuingia sehemu moja yakatembea kwenye kenchi yakadondokea kwingine, yanaweza kuingilia juu ya chumba cha bibi yakatokea kwenye meza yako ya kukatia. Mkibadilisha bati kumi juu yenu na tundu liko kwa jirani mtakuwa mmetupa laki sita. Mwiteni fundi wa pili, wa kupaua hasa, apande paa zima, aandike kwenye karatasi nini kimeoza, wapi, na bei.

Sasa mume wako. Usione anavyopandisha sauti ukadhani ni hela tu. Mwanaume ameambiwa hameni mbele ya mke wake na majirani, kwenye uwanja ambao amelipia miaka mitano. Ukikaa naye anza na hilo, mwambie niliona jinsi alivyokuongelesha na sikupenda, halafu ndo muende kwenye hesabu. Kwa sababu wazo lake la kwanza, kuzuia kodi yote mpaka paa litengenezwe, naelewa linatoka wapi lakini lina hatari. Mkizuia kimyakimya bila maandishi, ninyi ndo mnageuka wadaiwa, na yule kijana wa Mbezi atapata kitu alichokuwa anakitafuta. Na bibi mwenyewe, kama hiyo kodi ndo chakula chake na dawa zake, mwezi wa pili atakuwa hana kitu, na utakuwa unamuona kila asubuhi hapo uwani.

Wazo lake la pili lina nafuu zaidi, lakini sio jinsi alivyolisema. Tutengeneze tukate, sawa, angalia hesabu: kodi milioni moja na nusu, paa laki sita na ishirini, bibi anabaki na laki nane na themanini, yaani mnakuwa mmekatia miezi miwili na nusu hivi. Inawezekana. Ila mkitengeneza kabla ya makubaliano, kesho mtaambiwa nani aliwatuma, na bati limeshapigwa misumari haliwezi kurudi dukani. Iandikwe. Karatasi moja tu, kazi gani, kiasi gani, inakatwa kwenye kodi ya miezi ipi, asaini bibi, asaini mume wako, mashahidi wawili, mjumbe awepo. Bati mnunue wenyewe na risiti mtunze, fundi mpeni ufundi tu. Na jirani wa mwisho naye analala chini ya paa hilohilo, kwa nini mzigo uwe wenu peke yenu?

Lakini hapa kuna swali ambalo barua yako haijanijibu na kila kitu kinategemea hilo. Mkataba wenu umesainiwa na nani? Bibi ni mjane. Nyumba ilikuwa ya marehemu mumewe, au yake, au yao wote? Mirathi ilifunguliwa, kuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama? Kwa sababu nyumba nyingi Dar zinavuja hivihivi, sio kwamba hakuna hela kabisa, ni kwamba hakuna anayejua ni nani mwenye kauli ya kuitumia, mama anapokea kodi, watoto wanasema nyumba ya baba, kila mmoja anamsubiri mwenzake na paa linaoza katikati yao. Huyo kijana kama ni mrithi tu, kauli ya kuwahamisha anaitoa wapi? Na kama ni msimamizi wa mirathi, basi bati ni jukumu lake pia na mazungumzo inabidi ahusishwe, hata kama hukumpenda Jumapili. Nimeona watu wakimsainisha mama peke yake, fundi ameshapanda, anatokea mtoto wa tatu kutoka Morogoro anazuia kazi. Uliza kwanza. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Kuna njia ya kati ambayo hamjaitaja. Kulipa miezi mitatu badala ya sita, kwa makubaliano kwamba mitatu inayobaki inalipwa paa likiisha. Bibi anapata cha kula, nyinyi hamjamaliza nguvu yenu yote siku moja. Hatari yake ni kwamba atasema hela haitoshi kitu na kweli haitoshi, na mtoto wake anaweza kuona ni ujanja. Ila kodi iliyopita imekuonyesha kinachotokea hela yote ikitoka kabla ya kazi, ada ya mjukuu haina ubaya wowote lakini haizuii mvua.

Kuhama. Sikukatazi na sikusukumi. Piga hesabu yote lakini, miezi sita ya kwingine, mwezi mmoja wa dalali, kirikuu ya kubebea vitu, na wateja wako ambao wamezoea mlango huo, fundi cherehani akihama mtaa anaanza karibu upya. Upande wa pili kuna mapafu ya mtoto, na hayo hayana bei ya kuandika hapa. Unyevu na ukungu vinaamsha kikohozi na pumu kwa watoto, daktari wako hakuuliza bure, kwa hiyo mrudishe hospitali wamuangalie kifua vizuri, waambie wazi kwamba nyumba inavuja na ukungu upo. Ukungu wa ukutani ufute na jiki iliyochanganywa na maji, dirisha wazi, mtoto awe nje, usichanganye na dawa nyingine ya chooni. Ukungu utarudi kama ukuta bado unalowa, lakini wewe utapumua kidogo. Na mkiamua kuangalia nyumba nyingine, nendeni mvua inanyesha. Tazama dari kama kuna sehemu moja ina rangi mpya na kwingine ya zamani, tazama chini ya kuta kama kuna ungaunga mweupe wa chumvi au mstari wa maji. Na waulize wapangaji.

Ambapo tunafika kwa yule dada.

Najua ndo kinachokuuma, umekiweka karibu na mwisho lakini ndo umekiandika kwa urefu na maneno yake unayakumbuka neno kwa neno. Sitakwambia wewe ni mtu mbaya, siamini hivyo. Uliombwa na mtu unayemheshimu kama mama, na alikupa na sababu, kwamba hela ya hao ndo italiezeka paa lote. Pengine bibi mwenyewe alikuwa anaiamini. Lakini mama yule alikuuliza swali akiwa na mtoto mchanga mkononi, na akaamua kwa jibu lako. Unaweza kuendelea kunyamaza, na gharama yake unaijua tayari, ndo hiyo inakuamsha saa nane usiku. Unaweza kumwambia. Huna haja ya kumtaja bibi kwa ubaya wala kueleza aliyekuomba, sema sehemu yako tu, dada uliniuliza Januari nikakujibu vibaya, nilikuwa najua kunavuja, nisamehe. Anaweza kukasirika. Anaweza kwenda kwa bibi moja kwa moja na ikawa kelele uwani, hilo lipo na lijue kabla hujafungua mdomo. Anaweza pia kukaa chini akalia halafu mkaenda kwa bibi wawili. Mpangaji mmoja akilalamika anaambiwa hame, wapangaji wawili na mafundi wawili na karatasi ya bei ni mazungumzo mengine.

Mkishindwana kabisa njia zipo na usiziogope. Mjumbe, halafu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wengi wanaishia hapo na wanapatana. Halafu baraza la kata, ambalo tangu 2021 kwenye mambo ya ardhi na nyumba kazi yake ni kusuluhisha tu, haliamui kesi. Likishindikana ndo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwenu Ilala. Kabla ya kufika huko tafuta msaada wa kisheria wa bure, tuna sheria yake ya 2017, wasaidizi wa kisheria wapo na hapa Dar Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanasikiliza watu wasio na hela ya wakili. Ila ujue ni njia ndefu, masika yatapita na mengine yatakuja, na mkiingia barazani na bibi mtatoka mmeshikana mikono au hamsalimiani, mimi siwezi kujua. Ile laki na themanini ya satini mnaweza kuitaja lakini ni ngumu, utaulizwa kwa nini uliweka kitambaa cha mtu chini ya dari unalojua linavuja. Ningeiweka pembeni kwanza ili isichafue mazungumzo ya paa, na vitambaa vya wateja viingie kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko kuanzia leo.

Sasa lile beseni juu ya kochi. Ulijifanya hujaliona, na naamini yeye aliona umeliona. Fikiria bibi huyu alivyo. Mjane, paa linamvujia na yeye, mtoto wake anaongea kwa ukali mbele ya watu na yeye hainui macho kwenye mchele. Nilivyosoma hapo sikuona mwenye nyumba anayewapuuza. Niliona mtu mwenye aibu. Alikuomba ufiche kwa jirani kwa sababu anajua nyumba imemshinda na hajui aanzie wapi, na wewe unamficha yeye kwamba unajua. Mnafichana kitu ambacho kinadondoka vichwani mwenu wote wawili. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndo unamjua. Lakini kama niko sahihi, basi hauendi kumdai, unaenda kukaa naye.

Usiende siku ya kodi na usiende na kelele. Nenda jioni baada ya kuswali au kula, mume wako awepo lakini wewe ndo uanze, maana wewe ndo ulikandwa na mikono yake. Sema kwa maneno yako, ila mimi ningeanza hivi: Shikamoo bibi. Jana nimeona beseni kwenye kochi lako, na kwangu ziko mbili na ndoo. Mjukuu wako anakohoa. Nataka tulitengeneze hili paa kabla ya Mei, hela ipo kwenye kodi, nisaidie kujua tuongee na nani kwenye familia ili isije ikawa ugomvi.

Halafu nyamaza, umsikilize. Usimjazie jibu.

Akikujibu niandikie alivyosema, na nani alisaini ule mkataba. Na uniambie kifua cha mtoto kinaendeleaje.